BOMBA LA HEWA BARIDI: NGUVU YA INJINI AU SAUTI TU?

Ndugu msomaji, ukisimama jioni kando ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hutakawia kusikia gari likikupita kwa mngurumo mzito unaowafanya watu wageuze shingo. Mara nyingi gari lenyewe ni Toyota Altezza au Subaru Impreza, lililotumika kwanza Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu, na aliyeshika usukani ni kijana. Wengi hudhani kuwa mngurumo huo hutoka kwenye egzosi peke yake. La hasha. Sehemu yake hutoka mbele, chini ya boneti, ambako kasha la chujio la hewa lililotengenezwa na kiwanda limeng'olewa, na mahali pake pakafungwa bomba la chuma linalong'aa, lenye chujio la umbo la pia kwenye ncha yake. Hilo ndilo bomba la hewa baridi.

Kifaa hiki huuzwa kwa ahadi tatu: kwamba kitaliongezea gari nguvu, kwamba kitapunguza matumizi ya petroli, na kwamba kitalipa gari sauti ya mashindano. Bei yake si ya kubeza kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi. Aidha kikifungwa ovyo kinaweza kuiua injini ambayo familia nzima ilijinyima miaka kadhaa ili kuipata. Kwa hiyo jambo hili si la vijana na mafundi peke yao. Linamhusu pia mama anayepanga bajeti ya nyumba na baba atakayeombwa fedha gari litakapokwama. Makala haya yanakusudia kuzipima ahadi hizo tatu moja baada ya nyingine, kisha kueleza namna kazi yenyewe inavyofanywa kwa usalama na yule aliyekwisha kuamua kuifanya.

HEWA NI CHAKULA CHA INJINI

Watu wengi husema kwamba gari linakula petroli. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Chakula kikubwa cha injini ni hewa. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo moja yake huhitaji kilo 14.7 za hewa. Ukiipiga hesabu hiyo kwa vipimo vya kila siku, utaona kwamba lita moja tu ya petroli huandamana na zaidi ya lita 9,000 za hewa, yaani mapipa 45 ya lita mia mbili mbili. Injini yenye ujazo wa lita mbili, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huweza kuvuta karibu lita 100 za hewa katika kila sekunde.

Kutokana na hesabu hiyo tunaona kwamba anayetaka nguvu zaidi hana budi kuingiza hewa zaidi katika silinda. Kumimina petroli peke yake hakusaidii, kwani petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoka nje kama moshi mweusi. Hapo ndipo penye mantiki ya bomba la hewa baridi. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi. Meta moja ya ujazo ya hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 60, uzito wake hushuka hadi kilo 1.06. Silinda ni ile ile na pumzi ni ile ile, lakini chakula kilichomo kimepungua kwa karibu asilimia 9.

Wakazi wa Nairobi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine, hata kama hawajapata kulitilia maanani. Jiji lao liko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 15 au zaidi kuliko ile ya Mombasa. Gari lisilo na turbo likitoka pwani na kupanda bara hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, bila ya kuwapo ubovu wowote wa kusingiziwa fundi.

AHADI YA KWANZA: NGUVU

Sasa tuiangalie ahadi ya kwanza. Kanuni ya jumla ni kwamba kila hewa inapopoa kwa nyuzi tatu, uzito wake huongezeka kwa asilimia moja hivi, na nguvu ya injini huweza kuongezeka kwa kiasi kisichozidi hapo. Tuchukue mfano wa Altezza RS200, gari lililotoka Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, ambalo injini yake ya lita mbili ilitangazwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 210. Tuseme bomba jipya limepunguza joto la hewa inayoingia kwa nyuzi sita. Faida yake, kwa hesabu ya juu kabisa, ni farasi wanne. Dereva anayekwenda kazini Kariakoo asubuhi hawezi kuwahisi farasi hao wanne, hata akifumba macho.

Mbona faida ni ndogo hivyo? Kwa sababu wahandisi wa kiwanda hawakulala usingizi. Ukichungulia kasha la chujio la magari mengi ya kisasa, utaona kwamba lina mdomo uliopitishwa mbele karibu na rejeta, au ubavuni ndani ya madigadi, ili livute hewa ya nje. Kwa maneno mengine, gari lako lilitoka kiwandani likiwa tayari na bomba la hewa baridi. Kinachouzwa dukani ni njia pana zaidi na laini zaidi ya kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa tayari.

Tena kuna mtego. Vijana wengi hawanunui bomba kamili linalofika nje ya chumba cha injini. Hununua chujio la umbo la pia peke yake, kwa kuwa ni rahisi, wakalifunga wazi katikati ya chumba hicho, karibu na egzosi na nyuma ya rejeta. Katika foleni ya magari, joto la mahali hapo linaweza kupita nyuzi 60. Chujio hilo halivuti hewa baridi hata kidogo. Linavuta hewa ya jikoni. Injini iliyokuwa ikipumua hewa ya nyuzi 35 sasa inapumua ya nyuzi 60, na badala ya kupata farasi wanne imewapoteza farasi kumi na zaidi. Mwenye gari hajui, kwa sababu sauti imeongezeka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na hapa wamesadikika.

Kwa magari yenye turbo, kama vile Impreza WRX, hesabu ni tofauti kidogo. Turbo huikandamiza hewa na kuipasha joto linaloweza kupita nyuzi 100, kisha hewa hiyo hupitishwa katika rejeta yake maalumu ili ipoe kabla ya kuingia katika silinda. Rejeta hiyo ndiyo yenye kazi kubwa ya kuleta ubaridi. Mwenye gari la namna hiyo angefaidika zaidi kwa kuiosha rejeta ya hewa iliyojaa matope na wadudu, kazi isiyohitaji fedha nyingi, kuliko kubadilisha bomba.

AHADI YA PILI: KUPUNGUZA MAFUTA

Ahadi hii ndiyo inayowavuta watu wa mshahara, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Katika injini ya petroli, baada ya chujio kuna kilango cha hewa kinachofunguliwa na mguu wako unapokanyaga pedeli. Unapokwenda polepole mjini, kilango hicho kimefungwa kwa sehemu kubwa. Wewe mwenyewe unainyima injini hewa kwa makusudi. Kuna faida gani kupanua barabara kabla ya daraja, ikiwa daraja lenyewe umelibana? Bomba pana huonyesha tofauti yake pale tu pedeli inapokanyagwa hadi chini, na mtu anayekanyaga hivyo hana haki ya kuzungumzia kubana matumizi.

Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya nchini Marekani ilichapisha mwaka 2009 vipimo vya magari yaliyofungwa machujio yaliyoziba. Ilionekana kwamba katika magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, chujio lililoziba halikuongeza matumizi ya petroli kwa kiasi cha maana. Liliyafanya magari yawe mazito katika kuongeza mwendo. Hali ni tofauti kwa magari ya zamani yenye kabureta. Ikiwa chujio lililoziba halipandishi matumizi, basi ni vigumu kusadiki kwamba chujio la fahari litayashusha.

AHADI YA TATU: SAUTI

Ahadi ya tatu inatimizwa kikamilifu, nasi hatuna budi kutenda haki na kulisema hilo. Kasha la kiwandani lina vyumba vya kumeza kelele ya hewa inayovutwa. Vikiondolewa, injini husikika ikivuta pumzi. Kwa mpenda magari, sauti hiyo ni starehe, na starehe halali si dhambi. Lililo muhimu ni mnunuzi kujua kwamba ananunua sauti, kama vile mwingine anavyonunua redio, ili asije akajidanganya yeye na mkewe kwamba amewekeza.

PUA JUU AU PUA CHINI?

Tumefika sasa mahali penye hatari, nami naomba msomaji asome kwa makini.

Tangu mwaka 1953, mashindano ya Safari yamekuwa yakiyapima magari katika njia mbaya za Afrika Mashariki. Hapo mwanzo yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, gari la spoti hasa, liliyashinda mwaka 1971 na 1973, na Subaru Impreza ikayashinda mwaka 1997 na 2000. Tangu mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, watazamaji wameona tena magari yaliyofungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu, kando ya kioo cha mbele. Mabingwa hao, wenye fedha na mafundi bora duniani, huinyanyua pua ya gari ili ikwepe maji ya mito na vumbi la njiani.

Bomba refu la hewa baridi linalouzwa madukani hufanya kinyume chake. Ili lipate hewa ya baridi zaidi, hulishusha chujio hadi chini ndani ya madigadi, nyuma ya bampa, wakati mwingine kimo cha goti kutoka barabarani. Katika nchi kavu jambo hilo si kitu. Lakini Dar es Salaam wakati wa masika, maji yanapofunika barabara ya Jangwani na mitaa mingine ya mabondeni, kuiweka pua ya gari kimo cha goti ni kuitafutia injini kifo cha kuzama.

Tuone kifo chenyewe kinavyotokea. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Katika injini ya lita mbili yenye silinda nne, kila silinda ina ujazo wa nusu lita, na pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama ya vijiko vitatu vya mezani. Maji yakizidi kiasi hicho ndani ya silinda, pistoni inayopanda kwa kasi hugonga kama iliyogonga jiwe. Mkono wa pistoni hupinda au huvunjika, na pengine hutoboa ubavu wa injini. Yote hayo hutokea kwa kufumba na kufumbua. Hapo hapana tena suala la bomba wala la sauti. Panatakiwa injini nyingine.

Basi ikitokea kwamba gari lako limezimika ndani ya maji, liwe na bomba la fahari au la kiwandani, usijaribu kuliwasha tena. Jaribio hilo la pili ndilo mara nyingi linaloimaliza injini iliyokuwa imenusurika. Lisukumwe nje, plagi zifunguliwe, maji yatolewe, oili ichunguzwe kama haijageuka rangi ya maziwa, ndipo fundi aamue.

VUMBI LISILOONEKANA

Adui wa pili ni vumbi. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ringi na kuta za silinda, na chembe ndogo isiyoonekana kwa macho husaga kama msasa. Chujio la karatasi la kiwandani hukamata chembe ndogo sana. Machujio mengi ya fahari ni ya pamba iliyopakwa mafuta. Yanaruhusu hewa kupita kwa urahisi, lakini yanahitaji kuoshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta tena kwa kipimo. Yakipakwa machache, vumbi hupita. Yakipakwa mengi, mafuta huvutwa na kuganda juu ya sensa ya kupima hewa, ambayo ina waya mwembamba unaopashwa moto. Sensa ikichafuka, kompyuta hudanganyika, na injini hutetemeka au hukosa nguvu. Mtu anayekaa mtaa wenye barabara ya vumbi afikiri mara mbili. Madhara ya vumbi hayaji kwa siku moja. Bandu bandu huisha gogo: baada ya muda oili huanza kupungua, moshi wa buluu hutoka nyuma, na mwenye gari huanza kumlaumu aliyemuuzia.

KAZI YENYEWE

Aliyekwisha kuyapima hayo yote na bado akataka, afanye kazi kwa utaratibu. Si kazi ngumu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye spana, bisibisi na subira.

Kwanza, ahakikishe kwamba bomba alilonunua ni la gari lake hasa. Upana wa bomba mahali inapokaa sensa si jambo la kubahatisha, kwani kompyuta hupiga hesabu ya hewa kwa kuamini kwamba upana ni ule wa kiwandani. Ukibadilika, hesabu nzima inaharibika.

Pili, aegeshe gari mahali tambarare, aache injini ipoe, kisha afungue waya hasi wa betri. Alegeze klempu za bomba la zamani, achomoe plagi ya sensa kwa kuminya kibanio chake pasipo kuvuta waya, atoe mpira mdogo wa kupumulia injini, kisha afungue boliti za kasha na kulinyanyua. Papo hapo azibe mdomo ulio wazi wa injini kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Nati moja ikidondoka humo inaweza kuleta hasara kubwa kuliko bei ya bomba.

Tatu, aihamishe sensa kwenye bomba jipya bila ya kuigusa kwa kidole sehemu yake ya ndani, na aangalie mshale unaoonyesha upande hewa inakoelekea. Aunganishe mipira, bomba, chujio, na lile bati la kuzuia joto. Bati hilo wengi hulitupa kwa kuliona pambo, kumbe ndilo linalolitenga chujio na joto la injini. Klempu zibaki legevu mpaka kila kitu kikae mahali pake, kisha zikazwe bila ya kukata mpira. Abakize nafasi kati ya bomba na mikanda, feni na boneti, kwa sababu injini hucheza inapofanya kazi.

Nne, akumbuke kutoa kile kitambaa. Arudishe mpira wa kupumulia, plagi na waya wa betri, kisha awashe na kusikiliza. Mlio wa kufyonza kwenye maungio ni dalili ya hewa inayoingia bila ya kupimwa na sensa. Injini itatetemeka na taa ya tahadhari itawaka katika dashibodi. Baada ya wiki moja akaze klempu tena.

Mwisho, asilitupe kasha la zamani wala asiliuze. Alisafishe, alifunge katika mfuko na kuliweka stoo. Litahitajika siku ya kuuza gari, siku ya ukaguzi, au masika yakianza. Asome pia mkataba wake wa bima kuhusu mabadiliko ya gari. Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako biashara ya vifaa hivi ni kubwa sana, bomba la namna hii haliruhusiwi katika gari la barabarani mpaka Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo itoe kibali chenye namba yake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mzazi ambaye mwanawe amemletea hoja ya bomba asiikatae kwa ukali, wala asiikubali kwa kuchoka. Amwulize maswali manne. Chujio lililopo lilibadilishwa lini? Matairi na breki zikoje? Oili ilimwagwa lini? Na barabara ya kwenda nyumbani hujaa maji kiasi gani wakati wa masika? Chujio jipya la karatasi, la bei ndogo, hulirudishia gari lililochoka pumzi yake yote bila ya kuongeza hatari yoyote. Breki nzima na matairi mazima hulifanya gari lenye farasi 210 lirudi nyumbani likiwa na watu wake. Kijana akiyajibu maswali hayo vizuri, na fedha ikabaki, basi anunue sauti yake, alifunge bomba mwenyewe baba yake akiwa ameshika tochi, na wote wawili wajue hasa walichokilipia.